Baba anataka binti yetu akasome bweni China, mtoto anajua anakwenda kuishi na baba

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga mjini. Mume wangu yuko Guangzhou, China, mwaka wa sita sasa. Anafanya kazi katika kampuni ya kusafirisha mizigo, makontena ya wafanyabiashara wa Kariakoo mengi hupitia mikononi mwao. Ana kibali cha kazi na cha makazi, si mtu wa kuingia na kutoka kwa viza ya biashara. Huja nyumbani mara moja kwa mwaka. Simlaumu kwa matunzo: ada za watoto, chakula, dawa za mama yake ninayemuuguza hapa nyumbani, vyote hutuma kwa wakati.

Sasa amepewa mkataba mpya wa miaka 2 unaoanza Julai, na kampuni imekubali kumlipia mtoto mmoja shule ya kimataifa ya mtaala wa Uingereza. Shule hiyo ina wanafunzi wa kutwa na wa bweni. Amemchagua binti yetu mkubwa. Yuko Kidato cha Kwanza, na Julai hiyo hiyo atatimiza miaka 14. Msingi alisoma shule ya serikali, kwa Kiswahili, akafaulu vizuri sana. Kiingereza cha darasani ndiyo kwanza ameanza kukizoea mwaka huu.

Mume wangu amenitumia picha: bwawa la kuogelea lililo ndani ya jengo, maabara, ukumbi wa maigizo, vyumba vya bweni vya wasichana wawili wawili. Ada na bweni kwa mwaka ni kama yuan 300,000. Nilipopiga hesabu nikapata zaidi ya shilingi milioni 100. Sisi fedha hiyo hatutakaa tuishike. Ndugu zake wananiambia nikikataa nitakuwa nimemzibia mtoto riziki. Shemeji yangu mmoja yeye anasema heri apelekwe shule ya serikali ya Wachina, asome bure na Kichina akijue.

Kinachoninyima usingizi ni hiki. Mume wangu karibu nusu ya mwezi hayupo nyumbani kwake: mara Yiwu, mara Foshan, mara bandarini Nansha. Ndiyo sababu anataka mtoto akae bweni. Lakini mtoto tangu aambiwe habari ya safari, wimbo wake ni mmoja, "nakwenda kukaa na baba." Ameshawaaga wenzake. Nilipomwambia baba yake tumweleze kwamba ni bweni, akasema, "Usimwambie sasa, akifika atazoea."

Mengine pia yananitisha. Sisi ni Waislamu, sijui atakula nini. Atakuwa mtoto mweusi peke yake darasani. Nasikia watoto wa huko hurudi Kiswahili kimewapotea. Na mkataba wa baba yake ukiisha, itakuwaje? Mimi siwezi kuhama, nina duka la vitenge na nina mkwe mgonjwa.

Naomba ushauri wako, Shangazi. Nimruhusu?

Mama wa binti, Tanga

*

Marahaba, mwanangu. Poleni na kuuguza.

Nianze na mtoto, shule itafuata. Binti aambiwe wiki hii kwamba baba yake amemwombea bweni. Amwambie baba mwenyewe, kwa simu ya video, wewe ukiwa umeketi pembeni yake. Nimefanya kazi ya umatroni katika mabweni ya wasichana kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na mtoto aliyeletwa kwa kufichwa humjua usiku wa kwanza. Upweke wa kawaida, ule wa kulilia nyumbani, wengi huwapungua baada ya wiki chache wakishapata rafiki na wakishajua kengele ya chakula inalia saa ngapi. Aliyedanganywa halii sana. Huacha kupiga simu kwa mzazi aliyemdanganya. Binti yako alikuwa na miaka kama minane baba yake alipoondoka. Hicho anachokiimba ni haja ya miaka yote hiyo. Akishuka uwanja wa ndege wa Baiyun halafu apelekwe moja kwa moja kwenye kitanda cha bweni, atakuwa amempoteza baba akiwa naye mji mmoja. Kwa hiyo "atazoea" siikubali, na mwambie mume wako kwamba mimi ndiye niliyesema.

Sasa shule. Picha za bwawa ziweke kando, shika kalenda.

Mtaala wa Uingereza hupanga watoto kwa umri. Anayeanza Septemba akiwa ameshatimiza miaka 14 huingia Mwaka wa 10. Mwaka wa 10 na wa 11 ni kipindi kimoja kisichokatika: mtoto huchagua masomo yake, mengi huwa nane au tisa, huyasoma kwa miaka 2, kisha hufanya mitihani ya IGCSE, ile ya kimataifa ya kumaliza sekondari ya kawaida, Mei na Juni mwishoni mwa Mwaka wa 11. Baada ya hapo ni Mwaka wa 12 na wa 13, yaani A Level, ambako wengi husoma masomo matatu tu.

Linganisha na mkataba wa mume wako. Binti akiingia Mwaka wa 10 Septemba hii, mitihani itamkuta mkataba uko ukingoni lakini haujaisha. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini ni mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili na miezi michache tu kwa Kiingereza, na ataketi na wenzake waliosoma Kiingereza tangu chekechea, kwenye mtaala unaomtaka aandike insha za historia na kueleza jaribio la kemia kwa sentensi kamili. Akili anayo, umeniambia amefaulu. Ila lugha haitamsubiri. Shule yenye busara itampima kwanza Kiingereza na hesabu, na inaweza kusema aanzie Mwaka wa 9 ili apate mwaka mmoja wa kujijenga. Kwa mtoto kama wako, huo ndio ushauri mzuri, hata mimi ningeuomba.

Lakini akianzia Mwaka wa 9, mkataba unaisha akiwa amemaliza Mwaka wa 10, nusu ya safari ya IGCSE. Hapo ndipo watoto wengi wa wafanyakazi wa nje huumia, mwanangu, na hakuna picha itakayokuonyesha hilo. Shule nyingi hazipokei mgeni kuingia Mwaka wa 11, kwa sababu kila moja huwa imechagua bodi yake ya mitihani na vitabu vyake. Akirudi nyumbani hapo katikati, atakuta njia mbili. Ya kwanza ni shule binafsi za IGCSE za Dar es Salaam, Arusha au Moshi, ambazo ada yake mtaibeba wenyewe, kama zitampokea. Ya pili ni kurudi kwenye mkondo wa NECTA, ambako wenzake watakuwa wameshafanya upimaji wa Kidato cha Pili na wanasonga, naye hajasoma Historia ya Tanzania wala Kiswahili kwa muda wote huo. Kumrudisha nyuma vidato msichana wa miaka 16 aliyetoka China, mbele ya wale aliowaaga kwa wimbo, si jambo jepesi.

Kwa hiyo sharti la kwanza mpe mume wako alipeleke kazini kabla ya kusaini: kampuni iandike kwamba italipa ada mpaka mtoto amalize mitihani ya Mwaka wa 11, hata mkataba usipoongezwa, hata akihamishwa mji. Neno la bosi kwenye simu halitoshi. Iandikwe pia inalipa nini hasa. Ada ni kitu kimoja; kuna ada ya kujiandikisha, amana, sare, basi, chakula, safari za masomo, ada za mitihani, na katika shule nyingi masomo ya ziada ya Kiingereza kwa wageni wa lugha hulipiwa peke yake. Binti yako ndiye hasa atakayeyahitaji.

Kampuni ikikataa kuandika, mimi nasema asiende. Namaanisha hivyo. Abaki, amalize Kidato cha Nne na cha Sita hapa, na baba yake atumie uwezo alionao kumlipia mwalimu wa Kiingereza, na wa Kichina akitaka. Serikali ya China hutoa ufadhili wa vyuo vikuu kwa Watanzania kila mwaka, na mwenye cheti kizuri cha HSK, ule mtihani wa Kichina, huanza akiwa na mguu ndani. Ataingia akiwa na miaka 19 au 20, kwa hiari yake, amekomaa. Ndugu wanaosema umemzibia riziki waambie hivyo.

Kampuni ikikubali, endelea kusoma.

Mume wako aulize shule imesajiliwa kama nini. Huko kuna aina mbili zinazofanana majengo. Moja ni shule ya watoto wa wageni: hupokea wenye pasipoti za nje, wazazi wao wakiwa na vibali vya makazi, na ina uhuru wa kufundisha mtaala wa Uingereza wote tangu chekechea. Nyingine ni shule binafsi ya Wachina yenye lugha mbili. Hiyo, kwa darasa la kwanza hadi la tisa, lazima ifuate mtaala wa taifa la China, na kanuni zilizoanza Septemba 1, 2021 zimekataza mitaala ya kigeni katika madarasa hayo. Kwa mtoto asiyejua Kichina, aina ya pili ingemchanganya vibaya. Jina la langoni lisiwatishe wala lisiwalevye. Shule kongwe za Uingereza kama Dulwich na Harrow zina majina yao China, Dulwich Shanghai tangu 2003 na Harrow Beijing tangu 2005, lakini shule ya China huwa ni taasisi yake, ina mkuu wake na walimu wake, na ndiyo itakayomlea mwanao. Muulizeni mkuu kama shule imekaguliwa kwa utaratibu wa serikali ya Uingereza kwa shule zake za ng'ambo, unaoitwa BSO kwa kifupi. Ripoti za ukaguzi huo husomwa na yeyote, na sehemu ya bweni ikiwepo isomeni kwanza. Muulize pia walimu hukaa muda gani. Mikataba yao mara nyingi ni ya miaka 2, na mtoto aliyebadilishiwa mwalimu wa hesabu katikati ya IGCSE hulipa gharama yake.

Shemeji yako ana nia njema, lakini hesabu yake imepita wakati. Kwa mtoto wa miaka sita ningemwunga mkono. Wa miaka 14 wa huko yuko karibu na mtihani mkubwa wa kuvuka kwenda sekondari ya juu, karibu wote kwa maandishi ya Kichina. Huwezi kumwingiza mtoto hapo hajui hata herufi moja.

Bweni au kutwa? Hapa ndipo nilipo na msimamo mkali kuliko penginepo. Muhula wa kwanza awe wa kutwa, alale kwa baba yake, na baba apange kazi asisafiri mpaka Desemba, au asafiri siku chache mtu wa kuaminika akiwapo nyumbani. Kama kazi yake hairuhusu hilo hata kwa muhula mmoja, basi hana nafasi ya mtoto kwa sasa, na aseme hivyo kwa heshima. Baada ya muhula huo, wakishafahamiana upya, bweni la siku tano si jambo baya: Jumatatu hadi Ijumaa shuleni, mwisho wa wiki kwa baba. Bweni zuri lina faida zake, saa ya masomo ya jioni yenye mwalimu, michezo, wasichana wakubwa wa kumwelekeza. Nimelea wengi waliochanua bwenini. Ila walikuwa na mahali pa kurudi Ijumaa.

Wewe mwenyewe nenda naye. Sisemi uhame. Mwenzi wa mfanyakazi mwenye kibali hupata viza ya S2 kwa ziara isiyozidi siku 180, hivyo kuanzia Agosti mpaka Oktoba inawezekana. Duka mkabidhi mdogo wako, na wifi zako wanaopiga kelele za riziki wamuuguze mama yao kwa miezi hiyo. Hilo ni ombi la haki kabisa, na ndugu wakilikataa utajua uzito wa maneno yao. Binti yeye ni viza ya S1, ile ya kukaa muda mrefu, kisha ndani ya siku 30 baada ya kufika aombewe kibali cha makazi. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kithibitishwe Wizara ya Mambo ya Nje na baadaye ubalozi wa China, Dar es Salaam. Anzeni mapema, foleni hizo zinakula muda.

Na mwacheni mlezi kwa maandishi pale Guangzhou, mama wa Kitanzania mwenye familia anayejulikana na jamii yetu, mwenye ruhusa ya kumchukua shuleni na kusaini hospitali baba akiwa Yiwu. Mwaka 2020 China ilifunga mipaka yake kwa wageni, hata kwa wenye vibali vya makazi, na karantini ya wanaoingia iliondolewa Januari 2023 tu. Wapo wazazi waliobaki huku watoto wakiwa kule. Mlezi ni kwa ajili ya siku kama hizo.

Kuhusu dini, Guangzhou si ugenini kabisa. Msikiti wa Huaisheng ni miongoni mwa mikongwe zaidi China, na Ijumaa utakuta Waafrika wengi, Waarabu na Waislamu wa Kichina safu moja. Chakula halali kimejaa mitaa ya Xiaobei. Shuleni ni tofauti. Sheria za China hutenganisha elimu na dini, kwa hiyo usitegemee msikiti wala masomo ya dini ndani ya uzio. Uliza mambo ya vitendo: jikoni kuna chakula kisicho na nguruwe kila siku, na mafuta yake ni ya nini? Ramadhani mtoto wa bweni atapata daku saa ngapi, na nani ataamka kumpa? Akisali chumbani kwake kimya, mwenzake na matroni watakuwa na neno? Matroni akikujibu haya bila kusita, ujue ameshalea Waislamu.

Weusi wake hautajificha, na msiufanye siri. Watamtazama kwenye treni, wengine watampiga picha bila ruhusa, wengine watataka kushika nywele. Wengi wao ni washamba wa jambo hilo, si wabaya, lakini wabaya wapo pia, na Aprili 2020 Waafrika wa mji huo walitolewa kwenye nyumba na hoteli kwa kisingizio cha ugonjwa. Mfundishe neno la kukataa kwa Kichina, "bu yao," yaani sitaki, alitamke kwa sauti. Shuleni muulizeni mkuu: mtoto akitukanwa rangi, nani hushughulikia, na mzazi huarifiwa siku ile ile au mwisho wa muhula? Nywele zisukwe Xiaobei, saluni za Kiafrika ziko, na safari hiyo ya Jumamosi iwe ya baba na binti.

Simu. Huko wako mbele yetu kwa saa 5. Ukifunga duka saa 12 jioni, kwake ni saa 5 usiku, na mabweni mengi huwa yameshakusanya simu. Mpigie saa 8 mchana wa Tanga, kwake saa 1 jioni, kabla ya masomo ya usiku. Saa hiyo mwombe jirani akushikie duka. WhatsApp haifunguki China bila VPN, yaani programu ya kupita vizuizi vya mtandao, kwa hiyo bibi yake naye awekewe WeChat mapema, si siku ya safari.

Limebaki la Kiswahili, na hili lina dawa. Cambridge, mojawapo ya bodi za mitihani za Uingereza, wana mtihani wa IGCSE wa Kiswahili. Shule haitakuwa na mwalimu wake, lakini inaweza kumsajili kama mtahiniwa naye akasoma nje, kwa mwalimu wa mtandaoni kutoka nyumbani. Kwa binti aliyefaulu msingi kwa Kiswahili, hiyo ni alama nzuri aliyokwisha kuifanyia kazi nusu, na itamlazimu kuandika insha kila wiki badala ya kubaki na Kiswahili cha salamu. Ikiwa atarudi nchini baadaye, NECTA hutoa ulinganifu wa vyeti vya IGCSE, na somo hilo litaonekana humo. Angalieni tu kwamba matokeo ya Juni hutoka Agosti, wakati Kidato cha Tano hapa kimeshaanza Julai, hivyo shule ya kumpokea iombwe mapema.

Mume wako amwandikie ofisa wa mitihani wa shule hiyo sasa, aulize mambo mawili: mnasimamia Cambridge au bodi nyingine, na mtamsajili mtahiniwa wa Kiswahili? Wakati anasubiri jibu, azungumze na bosi wake kuhusu Mwaka wa 11, na azungumze na binti yake. Ukipata majibu ya hao watatu, niandikie tena.

Shangazi yako